Mwenye Kukamata Nyungu

Weye unanisikia hapa, ukipikaka bukari, ile ugali, nani anakukamatia nyungu? Usiniambie unajikamatia. Mikono yako yote mbili iko ku mwiko. Sasa nyungu inabakia na nani?

Siye mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, hapa mu commune ya Kenya, hapana ile inchi, tuko bengi. Nyungu, sufuria ya bukari, iko mukubwa, na mbabula ya makala iko kidogo, miguu yake ya chuma haisimame muzuri juu ya sima, ile ciment ya chini. Basi moja anaikala pa kakiti na kuvuruga na nguvu ya mabega. Mwengine anainama mbele yake, anakamata nyungu huku na huku na bitambaa. Kuko bamama benye kubana nyungu na miguu. Mama yangu alikatazaka ile. Alisemaka: miguu inatoka mu njia, nyungu inaenda ku meza.

Na kwetu kuko kintu moja tena. Mwenye kukamata, hapana mwenye kupika. Mugeni akila, akiuliza nani alipika, tunataja mwenye mwiko. Ule wa kukamata, moshi inamuingia mu macho, moto inamuchoma vidole, na jina yake haitoke. Miye nilikamata butoto yangu yote, hakuna muntu alisemaka nilipika. Haikuniuma. Njo vile ilikuwa.

Mujukuu yangu, binti ya mutoto yangu wa kwanza, njo ananikamatiaka nyungu tangu kichwa yake ilikuwa inalingana nayo. Sasa aliingia université, ku polytechnique. Kule kuko somo moja banafunzi bapya bote banaogopa, banaiita mécanique. Mi nikafikiri ni kutengeneza mamotokari. Nikamwambia, muzuri mama, utatutengenezea ile camionnette ya baba yako.

"Haina vile, kambo," akasema, juu nyanya siye tunamuita kambo. "Siye tunajifunza juu ya nini, sababu gani, kintu inasimama."

"Inasimama juu haianguke."

"Njo hiyo. Sasa professeur anataka tumwambie juu ya nini haianguke."

Nikamuuliza kama ule professeur iko na bibi, juu muntu iko na bibi hakose kazi ya kufanya. Akacheka mupaka akaikala chini.

Akakamata kipande ya makala, akaanza kuchora pa sima ya lupango. Akasema: unachagua kintu moja, ile tu. Unaitosha, unaiondolea, bintu yote yenye kuigusa. Pale ulitosha kintu, unachora mushale, juu ile kintu ilikuwa inasukuma. Akachora nyungu. Mushale ya kushuka, ile ni buzito. Mushale ya kupanda, ile ni mbabula.

"Ukitosha mbabula, bukari itapikwa na nini?"

"Kambo, ni mu kartasi tu."

"Basi njaa yenu nayo iko mu kartasi."

Première session ya mitihani ikakuya, akaanguka. Masomo ingine ilipita, ni ile moja tu. Balimupa hesabu ya chuma ndefu yenye kuingia mu ukuta upande moja, upande ingine iko mu hewa, na muzigo pale mwisho. Alichora mishale ya kushuka, ya kupanda, hesabu ikakuwa sawasawa. Professeur akaandika na rangi nyekundu: nini inaizuia kuzunguka? Mujukuu yangu akasoma ile maneno, akarudia kusoma. Hakuona kule alikosa. Ku macho yake, bintu yote ilikuwa pale.

Baba yake hakupandisha sauti. Alikuwa anakula, akanawa mikono, njo akasema:

"Tantine yako ku Sakania anatafuta muntu wa kumusaidia ku biashara. Deuxième session ikikushinda, unapanda train. Kurudia mwaka mu ile auditoire, hapana."

Sakania si mubaya, bantu banaishi kule, banauza, banakula. Lakini yeye hakutakaka kuuza. Akiwa kadogo alikuwa anabomoa masanduku ya bilauri ya bageni, anaona vile ilifungwa, anarudia kufunga.

Akajifungia mu chumba na kujifunza. Bakwabo ba mu lupango banapita ku dirisha, banamuchekelea: "Sakania, Sakania, train inapiga filimbi." Hakutoka.

Siku ya yenga, ile Jumapili, kisha kanisa, nikatia mayi pa moto. Batoto bengine balikuwa bameenda ku mupira, bamama ku matanga. Kwa kawaida ningemuita. Nikasema, hapana, acha mutoto asome, mi nitavuruga peke yangu, pole pole. Nikatia bunga. Mwanzo ilikuwa laini, nyungu ikatulia. Bukari ikaanza kukaza. Nikavuta mwiko, nyungu ikanifuata. Nikasukuma, ikafuata tena. Inazunguka na mwiko kama iko na mimi mu ngoma. Kisha mbabula ikalala, na chakula ya siku ya yenga ikaikala pa sima.

Binti akatoka mbio.

"Kambo, umeungua?"

"Hapana. Ni bukari njo imeungua."

Akanisimamisha, akaniangalia mikono na miguu. Kisha akaangalia nyungu, muda murefu. Mi nikafikiri anasikia njaa.

"Mbele ya kuanguka, ilizunguka?"

"Ilizunguka, eh. Juu haukukuwa hapa kuikamata."

"Juu sikukuwa," akasema.

Akakamata makala, akachora nyungu ingine pembeni ya bukari yenyewe. Buzito, mbabula, mwiko. Kisha akachora mishale mbili mifupi, moja huku yenye kuenda kule, moja kule yenye kukuya huku. Akaziangalia na kucheka peke yake.

"Ile njo mikono yangu, kambo. Myaka yote naikamata, na sikujihesabiaka. Ku ile chuma pia, ukuta haibebe tu. Ukuta inakamata ili isizunguke. Mishale mbili ya vile, banaita couple."

"Bwana na bibi?"

"Haina vile. Ingawa nabo, moja anavuta huku, mwengine kule."

"Na nyungu haiende fasi yoyote," nikasema. Akasema kumbe ninasikia somo yake.

Sikusikia zaidi ya pale. Tulikula mikate na samaki wa Pweto, baba yake akauliza bukari iko wapi, tukamuonyesha pa sima.

Deuxième session, alipita. Bakabandika majina ku valves, ile mbao ya matangazo, baba yake akaenda mwenyewe kusoma, akarudia, akasema tu, "Tantine yako atafute muntu mwengine." Ile siku tukapika bukari na kuku, binti anakamata, mi navuruga. Muke wa jirani akakula, akauliza nani alipika. Nikasema, siye babili. Bakaniangalia, juu mu ile lupango haikusemwaka vile.

Binti alikuwa ananawa masizi pa vidole. Kisha, tulipobakia na kusugua nyungu, akaniambia: "Kambo, hata nikipata diplome, hata nikipata bwana, hata banitume kujenga kule mbali, siku ya yenga nikiwa mu muji, bukari yako mi njo nitaikamata."