Tanuri la Fundi Polepole

Mwashi huyu tulimwita Polepole, na jina hilo alilipata kwa haki. Akishapanga tofali hurudi nyuma hatua tatu, hufumba jicho moja, huguna, kisha hulitoa tofali lile. Alijenga nyumba za watu miaka arobaini, yeye mwenyewe akabaki chumba cha kupanga. Mkewe alipofariki, badala ya kukaa akitazama dari, alijiunga na wale wa kujitolea wanaopita nyumba za wasiojiweza kila Alhamisi.

Kwangu alifika wakati mbaya.

"Umeleta nini?" nilimwuliza mlangoni.

"Miguu tu, mama."

"Basi irudishe ulikoitoa."

Akacheka, akaketi juu ya ndoo. "Mikono yako inajua nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikanda unga miaka kumi na tisa katika duka la mikate la mume wangu, nikamzalia mabinti wawili. Kisha akaoa mwingine, akanitupa nje kama jivu, eti mwanamke asiyejua kusoma haifai akae kwenye duka lenye kibao. Kibao chenyewe nilikipaka rangi mimi! Mabinti walikuwa kwa kaka yangu, na wifi alishaanza kuwahesabia matonge. Yote hayo nilimmwagia mzee wa watu kwa pumzi moja.

"Mikate," nilimalizia. "Inajua mikate."

Wiki ileile wenzake walileta matofali ya ukuta uliobomolewa, mimi nikakanyaga udongo, yeye akajenga tanuri uani kwangu. Tena akamwomba mwalimu mkuu wa shule ya jirani aje aonje. Mikate ikimpendeza, shule itanunua kwangu, nami nitaweza kuwarudisha wanangu nyumbani.

"Siku saba za kulikausha, moto wa vijiti tu," fundi alinionya. "Mtoto mchanga hapewi mfupa."

Siku ya tano nilirudi kutoka sokoni nikakuta moto unanguruma. Polepole mwenyewe, jasho linamchuruzika, anasukuma magogo!

"Mwalimu mkuu anakuja leo saa kumi!" alipiga kelele. "Leo, si keshokutwa! Kanda, mama, kanda!"

Sijapata kuona mzee akirukaruka vile. Nami nikakanda kama niliyepandwa na mashetani. Unga ulipokwisha kuumuka, tukasikia: pa! Ufa ulipasua tanuri kutoka mdomoni hadi juu, kidole kinapita.

Fundi akakaa chini. "Nimekuharibia. Maisha yangu yote nawakataza watu haraka, leo furaha imenitia wazimu."

"Inuka, mzee. Wewe unayajenga matanuri, mimi nimeishi nayo."

Nilichanganya udongo wa kichuguu, majivu na chumvi, nikaukandika ufani huku vidole vinaungua. Nikatoa makaa, nikapanga mikate upande uliokuwa mzima, nikaziba mdomo kwa bati na gunia bichi. Tukasubiri. Fundi alizunguka ua mpaka kuku wakamkimbia.

Mikate kumi na miwili iliingia. Minne ilitoka imelemaa, minane ilitoka myekundu, imevimba, inanukia hadi barabarani. Mwalimu mkuu, mama wa miwani asiyecheka ovyo, alimega, akatafuna, akamega tena.

"Duka tunakonunua lilikuwa na mkate kama huu," alisema. "Siku hizi sijui wamepatwa na nini."

"Wamepatwa na mke mpya," nilimjibu.

Fundi akapaliwa. Yule mama akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho. "Jumatatu, mikate themanini. Utaweza?"

Fundi akaitikia kabla yangu, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nilimwachia tanuri alilinde, nikatimua mbio na unga hadi viwikoni, nikagonga kwa kaka.

"Kuna msiba?" wifi aliuliza.

"Nimefuata wanangu."

"Leo hii?"

 Nyuma yake mdogo alikuwa anavaa viatu, na mkubwa ameshakunja shuka.