Rangi Nyekundu Juu ya Kutu

Winifred Tolley alikuwa na miaka sitini na mbili, na hapa mtaani kwetu Coventry kila mtu alijua kinyaa chake: uchafu uliopakwa rangi. Kazi yake ilikuwa kufufua kalipa za breki, yale makoleo ya chuma yanayobana sahani ya gurudumu ili gari lisimame. Magari yenyewe yalikuwa ya michezo, ya zamani, yenye viti viwili na boneti ndefu. Ufundi aliupata kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, akauhamishia kibandani nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa jirani yake.

Jumatatu moja ya mwezi Mei, mwaka 1997, Desmond Pargeter, muuza magari mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope, alimletea kalipa nne ndani ya sanduku la ndizi. Zilikuwa za gari la kijani la mwaka 1961.

"Zipulizie nyekundu tu, mpenzi," alisema. "Mteja anakuja Jumamosi."

"Mpenzi wako umemwacha nyumbani," Winifred akamjibu. "Ngoja nizifungue kwanza."

Alizifungua mbele yake, nami nikiwa mlangoni na kikombe cha chai. Ya kwanza ilitoa ute mweusi wenye harufu iliyonifanya nirudi nyuma hatua mbili. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu. Raba zilikatika vidoleni kama mkate mkavu. Kisha akaigeuza, akakwangua rangi ya fedha iliyopakwa nene kama siagi, akakuta mahali palipoliwa na kutu pamezibwa kwa gundi ya kuzibia bodi.

Winifred akaiweka chini, akajifuta mikono kwenye aproni. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

"Nani kafanya hivi?"

"Sijui. Nililinunua hivyo hivyo."

"Hizi zinataka kufunguliwa zote, zisafishwe mpaka chuma kitupu, zipakwe zinki ya kuzuia kutu, zitiwe raba mpya. Na hii yenye gundi ni ya kutupa. Nipe wiki tatu."

"Nina siku tano. Nani atachungulia nyuma ya gurudumu, Winnie?"

"Mimi."

Desmond akabeba sanduku lake akaondoka. Mchana ule Winifred hakula. Aliniambia ameosha mikono mara nne na bado anausikia ule ute.

Jumamosi mimi na Winifred tulikwenda kwenye maonyesho ya magari uwanjani. Gari la kijani lilikuwepo, na nyuma ya rimu zake za waya kalipa zilimeta kwa wekundu. Mbele yake alisimama Alun Prosser, postamasta mstaafu, akiishika boneti kama anayepapasa farasi.

Winifred alipiga magoti kwenye nyasi, akapitisha kidole kati ya waya. Alipokitoa, rangi ilikuwa imefuata kidole, laini, kama utando wa juu ya maziwa.

"Mafuta ya breki yanavuja," akamwambia Alun. "Yanakula rangi. Wiki haijaisha na tayari inabanduka. Ndani ni kutu na gundi, nimeona kwa macho yangu."

"Bibi huyu ana kinyongo," alisema Desmond. "Nilimnyima kazi."

Alun alimtazama Winifred, akalitazama gari. "Tangu nina miaka kumi na saba nalitamani hili, mama," alisema taratibu. Akalinunua.

Winifred akageuka, tukaondoka. Njia nzima kurudi alikisugua kile kidole kwa leso, na sikujua anamchukia nani zaidi, aliyedanganya au aliyekubali.

Jumanne Alun alikuja kwa miguu, shavu limekwaruzwa na miiba. Alikuwa amekanyaga breki kwenye mteremko, pedeli ikazama mpaka chini, gari likaingia kwenye ua wa miiba wa jirani yake. Bahati hapakuwa na mtu.

"Ulinieleza," alisema.

"Nilikueleza. Ulisikia ukaziba masikio, mtu mzima. Kama angepita mama na kigari cha mtoto?"

Alun akainamisha kichwa. Kesho yake, gari lilipokokotwa hadi kibandani na kalipa kufunguliwa, Winifred akamtupia glavu na brashi ya waya.

"Anza na hiyo. Uione mwenyewe."

Alun aliipiga brashi asubuhi nzima. Mara mbili alitoka nje kutapika, na mara zote mbili Winifred alimsubiri bila kusema pole. Baada ya wiki nne kalipa zilirudi garini, moja mpya na tatu zimefufuliwa, zote zina rangi ya dhahabu iliyofifia ya zinki, bila tone la wekundu. Alun alilijaribu gari mteremkoni mara sita, likasimama mara sita.

Alipotaka kumkumbatia, Winifred alimzuia kwa kiganja. "Kaoge kwanza," akasema.

Desmond bado anauza magari. Akimwona barabarani humpungia mkono, naye Winifred hutema mate pembeni akapita.