Safari ya Mlingotini na Likizo ya Mussa

Simpendi Wayne, na asije mtu hapa kuniambia nimsamehe. Ninayetaka kumsimulia ni Mussa, lakini huwezi kumweleza Mussa wa leo bila kumtaja yule mshenzi.

Mussa ni dereva, mtu wa Tanga. Miaka kumi na moja anapeleka watalii jangwani kwa kampuni yetu hapa Doha, na hajakwaruza hata kioo. Mimi ni mpishi wa safari hizo, Hadijah wa Kisauni. Mussa hana maneno. Ukimsalimia atakujibu, ukimtukana atakutazama tu. Jambo moja ndilo alilolisema mpaka likatuchosha: nikahi ya bintiye Arafa, Ijumaa baada ya Swala. Binti mkubwa aliozwa na ami yake, Mussa akasikiliza kwa simu. Safari hii aliapa kwamba yeye ndiye walii wa kumwoza, na mkono wa mkwe ataushika mwenyewe. Tikiti ya Jumatano ilikuwa tayari. Ilibaki fomu ya likizo itiwe saini na msimamizi, na msimamizi ndiye Wayne.

Jumatatu asubuhi Wayne akatuchukua kwenda kukagua safari mpya. Kusini huko, mbali na kila kitu, iko sabkha, matope yasiyo na mwisho yaliyofunikwa ganda la chumvi. Katikati umesimama mlingoti wa simu ya upepo wa enzi za Waingereza, na kando yake kiwanja ambapo, wasemavyo, ndege za barua zilikuwa zikitua kutia mafuta.

Mussa akasimamisha Landkruza kwenye changarawe. "Kutoka hapa ni kwa miguu, bosi. Hapo juu mkate, chini uji."

Wayne akacheka. "Mzee, mimi nimekulia Magadi. Ardhi ikiwa nyeupe hivi, hata lori linapita. Unataka watalii watembee kilomita mbili kuangalia chuma? Hebu toka hapo."

"Magadi ni Magadi. Huku juzi imenyesha."

"Nimesema toka. Ama likizo hutaki?"

Mussa akahamia kiti cha pili. Ningekuwa mimi, ningemtia ule ufunguo mdomoni. Wayne hana kibali cha kuendesha jangwani, na alilijua hilo, lakini akakanyaga mafuta kama aliyetumwa na shetani. Hatukufika mbali. Ganda likapasuka, gari likazama hadi milangoni, na matope meusi yananuka mayai viza. Tukatokea madirishani. Viatu vyeupe vya Wayne vikabaki humo humo. Nikampiga picha akitoka dirisha la usukani, huku nacheka kwa chuki, wallahi.

Tukajikokota hadi mlingotini kungoja brekdauni ije kulivuta gari. Ni kutu tupu, na upepo ulikuwa unatuchapa chumvi machoni. Hapo ndipo Wayne alipotoa karatasi ya ripoti mfukoni.

"Mussa, andika kwamba uliendesha wewe. Ikijulikana ni mimi, bila kibali, nimekwisha. Ukimaliza kuandika, nami nakutilia saini ya likizo hapa hapa."

Mussa akaandika, Wayne akaitia saini fomu. Nikamuuliza, "Wewe ni mwanamume au gunia?"

"Dada Hadijah," akasema polepole, "faili chafu litaningoja. Nikahi hainingoji. Nakuomba ufunge mdomo mpaka nipande ndege."

Nikamwambia, "Haya." Kwa kinywa changu hiki nilimwambia haya.

Jumanne mudiri, mkuu wa kampuni, akatukusanya sote kwenye ua wa kampuni, Muaither. Akamsimamisha Mussa mbele ya madereva wenzake. "Huyu mzee amechoka," akasema. "Miaka kumi na moja na matope bado hayajui! Akienda kwao, afadhali abaki huko huko." Mussa akainamisha kichwa. Na Wayne, Wayne huyo huyo, akacheka.

Damu ikanipanda. Hasira hasara, nimeimbiwa tangu utotoni, lakini mimi nani wa kusikia? Nikapayuka yote: nani alikuwa kwenye usukani, nani aliandikishwa uongo, na kwa nini. Picha nikaitoa. Madereva wakapiga makofi, nami nikajiona shujaa. Mussa peke yake alikuwa ananitazama kana kwamba namkanyaga.

Mudiri si mjinga. Wayne akafukuzwa pale pale. Kisha akaichana ripoti, akaichana na fomu ya likizo. "Aliyetia saini hii hana kazi tena, na huyu ameandika uongo. Hasafiri mtu mpaka ahojiwe. Jumapili."

Nilimpigia magoti. Nikamwambia habari ya walii, nikamwambia habari ya yule binti mkubwa. Jibu likawa lile lile, Jumapili.

Ijumaa nilimkuta Mussa amesimama uani, kavaa kanzu mpya aliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo, simu sikioni. Nduguye ndiye aliyeushika mkono wa mkwe. Nikasikia vigelegele vikitoka kwenye simu, vidogo sana. Mussa akasema amina, akaizima.

Nikampelekea chai. "Mussa, mimi nilikuwa nakutetea."

Akaipokea, maana ni mtu wa adabu, akaiweka ukutani bila kuionja.

"Sina binti mwingine, Hadijah," akasema.