Mpokea Wageni wa Mlimani

Bodaboda kutoka Bwera ilinishusha chini ya Ruwenzori, juu kidogo ya mji wa Kasese, mbele ya wageni wengine watano na mpokea wageni aliyevaa buti za mpira. Yeye humshika kila mgeni kiganja kwa mikono yake miwili, iliyo baridi hata juani, humwuliza jambo moja tu, kisha huugeukia mlima na kuutajia jina la Kikonzo la mgeni huyo, kwa kuwa Wakonzo huitana kwa zamu ya kuzaliwa. Anasema mlima haumrudishi mtu ambaye haukutajiwa jina lake.

“Mugeni, kwenu wewe iko mutoto ya ngapi?”

“Wa kwanza, kaka.”

Akanikaza kiganja. “Hapana. Wewe ni Bwambale, ya pili.”

“Pole, patron! Bamekunyang’anya ukubwa!” akacheka dereva wangu.

Nikampigia mama simu ili anitetee.

“Wa kwanza aliishi siku tatu tu,” akasema. “Mwanangu, usipande.”

Nikabaki. Mpokea wageni akaondoka na wale wengine watano, akiwaita kwa majina aliyowapa, kila mmoja akiitika. Kwenye kona akaita, “Mumbere!” Ni jina la mtoto wa kiume wa kwanza, na hakumpa yeyote kati yetu. Nikasikia mtu akiitika.