Mchapakazi Asiyetoka Kwenye Kompyuta

Katika ofisi yetu ya wakimbizi hapa Kigoma, fundi wa kompyuta ni mimi, na mdomo ninao. Juzi kikaoni nikamtambia bosi kwamba kompyuta zetu, zinazoendeshwa na programu ya Linux, humwonyesha kila anayeingia humo na kutoka.

"Mama Neema anaingia dakika chache tu, anatoka," nikasema, kana kwamba sijui kuwa anashinda ufukweni akiandikisha wanaoshuka kwenye maboti. "Mkataba wake wa nini? Ramadhani ndiye mchapakazi. Tangu Jumatatu hajatoka!"

Mama Neema, aliyekuwa hapo hapo kikaoni, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, Ramadhani yuko msibani Ujiji. Kompyuta kaiacha wazi. Kwani Jumanne hukubeba naye jeneza la mama yake?"