Wifi Wawili na Neti ya Kiunoni

Shangazi yangu anafunika makochi kwa vitambaa vipya. Mchana kutwa amebana vijimisumari kwa midomo, nyundo mkononi, na akisema anasema kwa pembe moja ya mdomo, hivyo wateja wapya hudhani amekasirika. Wateja wa zamani wanajua kwamba kweli amekasirika. Jumamosi mchana hutema misumari, huvaa raba zake nyeupe na kwenda kwenye ukumbi wa mtaa kucheza na mama yangu, ambaye hajasemeshana naye tangu baba yangu afariki.

Hapo ndipo watu huniambia nirudie. Narudia: hawasemeshani, lakini wanacheza pamoja. Usinitazame hivyo, nimezaliwa humo na sijaelewa bado.

Baba alikuwa kaka yake Shangazi, kwa hiyo hawa wawili ni wifi. Waligombana wakati wa msiba. Mama anasema chanzo ni neno ambalo Shangazi alilisema jikoni. Shangazi anasema jikoni hakuingia kabisa, chanzo ni Mama kumpa mgongo mbele ya wageni. Mama anasema hakumpa mgongo, alikuwa ameinama tu, anatafuta kiatu. Nimejaribu kuziunganisha hizo hadithi mbili mpaka kichwa kikaniuma. Hazigusani popote, kama vile kila mmoja alihudhuria msiba wake.

Ila mchezo hawakuuacha, na mchezo wenyewe ni kizungumkuti kingine. Babu, baba yao Shangazi na Baba, alikuwa mfagiaji wa viwanja vya tenisi. Alifagia huku akisikiliza, akajifunza hesabu yao ya ajabu: sufuri, kumi na tano, thelathini, arobaini. Kwa nini arobaini na si arobaini na tano? Hata wanaoandika historia ya tenisi wanavutana. Wengine wanasema hesabu ilitokana na uso wa saa, wengine wanacheka. Hao wote wanakubaliana tu kwamba zamani mpira wenyewe ulipigwa kwa kiganja, raketi zikaja baadaye, labda viganja vilipolalamika. Babu aliokota neti iliyochakaa akaifunga uani, kimo cha kiuno, kama alivyoiona kazini. Bibi naye alikuwa akifua kwenye nyumba ya matajiri waliocheza badminton, ule mpira wa vinyoya, akapewa raketi nyembamba na kopo la vile vimpira vyenye manyoya. Nyumbani kwetu kimpira kile kinaitwa kuku.

Kwa hiyo Babu aliwafundisha wanawe mchezo mmoja: raketi za vinyoya, neti ya tenisi, hesabu ya tenisi, na kuku. Hakujua kwamba ni michezo miwili. Baba akamfundisha Mama walipooana. Naye hakujua.

Kanuni moja ya Babu ndiyo muhimu hapa. Anayeanzisha lazima ataje hesabu kwa sauti, na mwenzake aitike "haya." Basi hayo ndiyo mazungumzo yote ya Mama na Shangazi. Msiyadharau. Mama, ambaye kazi yake ni kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, anaweza kusema "thelathini, kumi na tano" kwa namna itakayokutoa jino. Na siku Mama alipocheza ana mafua, Shangazi alitaja "arobaini, sufuri" taratibu, kwa upole, nikageuka kuona ni nani aliyeingia.

Tatizo lilianza ukumbi ulipopata msimamizi mpya, tunayemwita Funguo kwa sababu unasikia funguo zake kabla hujamwona. Alitaka kila kikundi kitaje mchezo wake, la sivyo nafasi ya Jumamosi apewe mwingine. Akasimama kando kuwatazama wifi wawili wakipigiana kuku juu ya neti ya kiunoni.

"Mama zangu, samahani. Hii ni nini?"

"Mchezo," akasema Shangazi.

"Upi?"

"Huu unaouona."

Funguo akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevaa shati lenye kola. "Kijana, wewe umesoma?"

"Nusu," nikasema, na hilo ni la kweli, diploma yangu niliiacha katikati kama kikombe cha chai. Nikamweleza habari za Babu na Bibi. Nadhani nilimweleza vizuri, maana alipoondoka alikuwa ameshika kichwa.

Jumamosi iliyofuata akaja na uamuzi. Kama huu ni mpira wa vinyoya, neti ipande mpaka kimo cha macho na hesabu iende mpaka ishirini na moja kama dunia nzima. Kama ni tenisi, watoke nje, humu ndani tenisi imepigwa marufuku kwa ajili ya vioo.

"Nje kuna upepo," nikasema. "Kuku ataruka mpaka mtaa wa pili."

"Hilo mzungumze na kuku," akasema Funguo.

Nilimfuata Shangazi kwenye karakana yake jioni ile. Alikuwa anang'oa kitambaa cha kochi kuukuu kwa hasira zisizohusiana na kochi.

"Uache tu, Shangazi. Mtafute mchezo mwingine."

Akatema misumari kwenye kiganja. Hilo hulifanya mara chache, nikajua jambo ni zito. "Nikiikosa Jumamosi, mama yako nitamwona wapi?"

"Nyumbani kwake. Unapajua."

"Niende niseme nini?"

"Sema hodi."

"Halafu?"

Hilo hawakulifundisha hata kwenye nusu niliyomaliza.

"Basi ipande hiyo neti," akasema. "Ifike hata darini."

Nikampelekea Mama habari. Akauliza, "Yeye amekubali?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukunja nguo, lakini shuka moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Siku ilipofika neti ilikuwa juu, mistari mipya imepakwa sakafuni, na Funguo amekaa kwenye kiti kirefu na ubao wa namba. "Leo nahesabu mimi," akasema. "Wachezaji wanyamaze, msije mkanirudishia ile arobaini yenu."

Wakacheza kimya. Kuku akipanda, akishuka, namba zinageuka, na hakuna anayesema haya. Shangazi alikuwa anafungua mdomo kila akianzisha, kisha anaufunga. Nilimwona anacheza vibaya kuliko siku zote na nikajua si kwa sababu ya neti.

Kisha Mama akapiga pigo moja refu, kuku akaanguka karibu na mstari wa nyuma.

"Ndani," akasema Funguo.

"Nje," akasema Shangazi.

"Mama, mwamuzi ni mimi."

"Wewe umekaa na funguo machoni. Nje hiyo!"

Na Mama, kutoka upande wa pili: "Ndani, wifi."

Shangazi akashusha raketi. "Umesemaje?"

"Nimesema ndani. Tena unajua ni ndani. Wewe ndivyo ulivyo, kitu unakiona kwa macho yako halafu unakataa."

"Mimi? Mimi ndiye ninayekataa? Niliyekuja msibani na sufuria nzima ya chakula mkaniacha mlangoni?"

"Nani alikuacha mlangoni? Mlango ulikuwa wazi!"

"Ulikuwa umefungwa, wifi!"

"Wazi!"

Wakasogea mpaka kwenye neti, kila mmoja akiinua kidevu kumwona mwenzake vizuri kwenye matundu. Funguo akanong'ona, "Niwaamue?" Nikamwambia akae hapo hapo juu, ni salama zaidi.

Waligombana mpaka kikundi cha mazoezi ya viungo kikaingia na mikeka yao. Waligombana wakivua raba. Walitoka wakigombana, wakashika njia ya kwa Mama ambayo si njia ya kwa Shangazi, nami nyuma nimebeba mabegi mawili, bila kujua kama familia imepona au imevunjika kabisa. Mlangoni kwetu Mama akamwambia kwa ukali kwamba miguu ina vumbi, asiingie nayo. Shangazi akajibu kwa ukali kwamba ameona, yeye si kipofu, alete maji.

Mama akaingia ndani kuleta maji.