Mjomba Alivyovuka

Kabla ya daraja, mjomba wangu alikuwa na sababu moja tu ya kutofika kisiwani kwetu: maji. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Omurushaka, ng'ambo ya ziwa, na miaka yote alisema yeye si mtu wa kupanda mitumbwi. Bibi, mama yake mzazi, alipougua, ni mama yangu aliyempakia mtumbwini, akapenya naye kwenye mafunjo hadi ng'ambo, kisha wakatafuta gari la kwenda hospitali ya Nyakahanga. Bibi alipofariki tulimrudisha kwa njia hiyohiyo. Mjomba alisindikiza jeneza hadi ukingoni. Pale akasimama na viatu vyake vinavyong'aa, akatupungia mkono kama anayeaga abiria wa basi. Tukamzika mama yake bila yeye.

Daraja lilipofunguliwa, wiki haikuisha, akaja. Alipiga honi kuanzia darajani mpaka uani kwetu, kuku wakatawanyika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmeona maendeleo?" akasema, akilinyooshea daraja kidole kana kwamba zege alilimwaga yeye.

Hakuuliza kaburi liko wapi. Aliingia moja kwa moja kwenye migomba, akasimama palipotazama ziwa, akaanza kugawa: hapa jiko, hapa vyumba vya wageni, hapa watalii watakaa wanywe kahawa. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinuka.

"Dada, sehemu hii ya mama naichukua. Mimi ndiye mtoto wa kiume."

"Ukoo ulikaa siku ya kuanua matanga," mama akajibu. "Kibanja, shamba lote hili la migomba, kikagawiwa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Si unajua mimi na maji..."

"Najua. Maji ambayo hata mbuzi wetu tulikuwa tunawavusha."

Akacheka, akacheka peke yake. Kisha akataja mahakama. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakamsikiliza mpaka akamaliza, halafu wakamwambia awashe gari lake aende.

Siku hizi ana baa upande wa bara, pale daraja linapoanzia. Huwasimulia wateja jinsi alivyowapigania watu wa kisiwani mpaka wakapata daraja. Wanamwamini, maana anawanunulia bia. Nikipita na baiskeli yangu, gunia la kahawa nyuma, huniita kwa sauti ili wote wasikie: "Mpwa wangu!"

Napiga kengele ili wateja wake wanipishe, naendelea na safari.